Amri na Kitu: Historia ya Lugha ya Python hata Kufika Chini ya Meru

Mwaka 1967 hausahauliki katika mji wa Arusha. Mwezi wa Januari Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko, na tarehe 5 Februari Azimio lililochukua jina la mji likatangazwa kwa taifa, likihimiza ujamaa na kujitegemea. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Na mwaka huo huo, mbali sana na nchi hii, katika mji wa Oslo, Wanorwei wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliitoa lugha ya kompyuta iliyoitwa Simula 67. Hakuna aliyedhani wakati ule kwamba mambo haya matatu yana udugu wowote. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2025, waandishi wa programu kutoka pande nyingi za Afrika walipokutana Arusha, yote matatu yalikuwa hapo pamoja: lugha yenye asili yake katika fikira za Oslo, vijana wanaotaka kujitengenezea zana kwa mikono yao, na Kiswahili kikingoja kujua kama kina kiti katika karamu hiyo. Njia iliyoyaleta mambo hayo hadi chini ya Meru ni ndefu, nayo yastahili kusimuliwa tangu mwanzo.

Habari yaanza na amri. Katika kompyuta za zamani mtu hakuwa na picha za kubofya wala kipanya cha kusukuma. Aliandika neno, na mashine ikalitii. Kati ya mwaka 1963 na 1965 Mfaransa mmoja, Louis Pouzin, akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani, alichoshwa na kuandika amri zile zile kila siku. Akatunga programu iliyoweza kusoma amri nyingi zilizopangwa katika faili moja, ikazitekeleza moja baada ya nyingine, kama mpishi asomaye orodha ya kazi zake tangu asubuhi hata jioni. Kisha akapendekeza kwamba programu ipokeayo amri za mtu iitwe ganda, kwa kuwa imekizunguka kiini cha mashine kama ganda lilivyoizunguka njugu. Jina hilo lilishika, na orodha ya amri iliyoandikwa mara moja ili itumike mara nyingi ndiyo iitwayo skripti.

Wazo hilo lilipata makao yake makuu katika mfumo wa Unix, ulioanzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell. Mwaka 1973, kwa shauri la Doug McIlroy, Unix ilipata mabomba: njia ya kuyatwaa maneno yatokayo katika programu moja na kuyamimina katika nyingine. Programu moja ilihesabu, ya pili ilipanga, ya tatu ilichuja, na mtumiaji akaziunganisha kama fundi anavyounganisha mifereji ya shamba. Mwaka 1979 Stephen Bourne alitoa ganda lililopewa jina lake, na mwaka 1989 Brian Fox akatoa Bash, ambalo mpaka leo ni ganda la mashine nyingi duniani. Ustadi wa mafundi hao haukuwa mdogo. Mstari mmoja wa amri uliweza kumaliza kazi ambayo karani angeifanya kwa wiki nzima.

Lakini kila chombo kina ukomo wake. Mabomba ya Unix hupitisha jambo moja tu, nalo ni maandishi matupu. Tarakimu, tarehe, jina la mtu na jina la faili, vyote vikiingia katika bomba huwa herufi zilizofuatana, bila kukumbuka vilikuwa nini kabla ya hapo. Na achukuliwe mtafiti mwenye faili za picha za mashamba ya Arumeru, kila faili imepewa jina la mahali picha ilipopigwa: Tengeru, Ngaramtoni, Usa River. Akiandika skripti ya ganda kwa haraka, asiweke alama za kunukuu mahali panapostahili, faili za Tengeru na Ngaramtoni zitapita salama. Ikifika zamu ya Usa River, ganda litaiona nafasi iliyo kati ya maneno mawili, nalo litasadiki kwamba limepewa faili mbili: moja iitwayo Usa, na nyingine iitwayo River. Ikiwa amri ilikuwa ya kunakili, kazi itakwama. Ikiwa ilikuwa ya kufuta, na kwa bahati mbaya pana faili nyingine iitwayo Usa, hiyo ndiyo itakayofutwa, na yenye kosa itabaki. Ganda halikufanya ukaidi wowote. Lilitii maandishi, kwa maana halikujua kitu kingine.

Wakati mafundi wa Marekani wakijenga amri, wale wa Norwei walikuwa wakifikiri juu ya vitu. Dahl na Nygaard walitaka kompyuta iige mambo ya dunia: meli zinazoingia bandarini, watu wanaosimama foleni, magari yanayopishana njiani. Waliona kwamba ni vigumu kueleza mambo hayo kwa orodha ya amri peke yake. Basi wakaamua kwamba ndani ya programu kuwe na vitu, na kila kitu kibebe mambo mawili kwa pamoja: habari zake chenyewe na kazi kinazoweza kuzifanya. Vitu vinavyofanana viwe na asili moja, na asili moja iweze kuzaa nyingine, mtoto akarithi kwa mzazi na kuongeza yake. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake katika maabara ya Xerox huko California waliichukua fikira hiyo, wakatunga Smalltalk, lugha ambayo ndani yake kila jambo ni kitu na kila kazi ni ujumbe ambao kitu kimoja hukitumia kingine. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka 2002.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuliona wazo hili kuwa geni, maana sarufi yake imekaa juu ya msingi ulio karibu nalo. Katika Kiswahili jina ndilo litawalalo sentensi. Mti umeanguka, kitabu kimeanguka, jiwe limeanguka, mtoto ameanguka: kitendo ni kile kile, bali kila jina hukipokea kwa namna ya ngeli yake. Asemaye hachagui kiambishi kwa hiari. Jina limekwisha mchagulia. Ndivyo ilivyo katika lugha za vitu. Amri ya kujiandika ikipewa tarehe, tarehe hujiandika kwa namna ya tarehe. Ikipewa picha, picha hujiandika kwa namna ya picha. Mwandishi wa programu hutoa neno moja, na kila kitu huitika kwa asili yake. Kwa sababu hiyo, yule atafutaye neno la Kiswahili la kuita asili ya vitu katika lugha hizi hana haja ya kwenda mbali. Neno ngeli lipo, na wanafunzi wamelizoea tangu shule ya msingi.

Kwa miaka mingi njia hizi mbili hazikukutana. Lugha za vitu zilifikiriwa kuwa za majengo makubwa, na ganda likaachiwa kazi ndogo ndogo za kila siku. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa Perl, lugha iliyokusanya nguvu za zana nyingi za Unix katika chombo kimoja, lakini vitu viliingizwa ndani yake baadaye, katika toleo la 5 la mwaka 1994. Daraja lenyewe lilianza kujengwa Amsterdam. Huko Guido van Rossum alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya hisabati na kompyuta iitwayo CWI, katika kundi lililotengeneza mfumo wa Amoeba. Mfumo huo ulihitaji programu nyingi za kuuhudumia. Kuziandika kwa lugha ya C kulikuwa kazi ya kuchosha. Kuziandika kwa ganda la Bourne hakukuwezekana vizuri, kwa kuwa ganda halikuweza kuzifikia huduma za ndani za Amoeba. Mwezi wa Desemba 1989, katika siku za mapumziko ya Krismasi, alianza kutunga lugha ya kukaa katikati, akitumia alichojifunza kutoka lugha ya zamani iliyoitwa ABC. Aliiita Python, si kwa sababu ya chatu, bali kwa sababu ya kundi la wachekeshaji wa Uingereza alilolipenda. Toleo la kwanza lilitolewa kwa watu mwezi wa Februari 1991, na tangu siku hiyo lilikuwa na ngeli na urithi.

Jambo hili hufichwa mara nyingi na umaarufu uliokuja baadaye. Leo Python hutajwa kwa ajili ya akili bandia, takwimu na elimu ya nyota, hata watu hudhani ilizaliwa kwa ajili hiyo. Asili yake ni kazi ya unyenyekevu: ilitungwa ili mtu aweze kuandika skripti za kuhudumia mashine, asilazimike kuchagua kati ya chombo kikubwa kinacholemea na chombo kidogo kinachopungua. Wengine walifuata njia hiyo. Yukihiro Matsumoto wa Japani alitoa Ruby mwaka 1995, akitaka lugha ya skripti ambayo ndani yake kila jambo ni kitu. Mwaka 2006 kampuni ya Microsoft ilitoa PowerShell, iliyoongozwa na Jeffrey Snover, na hapo bomba lenyewe likabadilika: likaacha kupitisha maandishi matupu, likaanza kupitisha vitu vizima.

Nchini Tanzania historia ya kompyuta ilifuata njia yenye miiba. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali, ikiwa imeonja hasara katika matumizi ya mashine hizo kwa mahesabu yake, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa kidogo kidogo hata ikaondoka katika miaka ya 1990. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambayo Smalltalk ilikomaa na ganda la Bourne likaenea, milango ya nchi ilikuwa imefungwa kwa sehemu kubwa. Si haki kuwalaumu wakuu wa wakati ule bila kutafakari. Mashine zilikuwa ghali, wataalamu walikuwa wageni, na zikiharibika hapakuwa na wa kuzitengeneza. Taifa lililokwisha tangaza kujitegemea liliona katika kompyuta kamba mpya ya kufungwa. Walichokataa ni zana ambayo mwenye nchi hakuweza kuifungua, kuielewa wala kuigeuza.

Zana iliyo wazi ilikuja baadaye. Python hutolewa bure, na kila mtu aweza kusoma jinsi ilivyotungwa. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza mwaka huo, hata intaneti ya kasi ikapanda kutoka pwani kwenda miji ya bara. Huko Arusha mlikuwa na ardhi iliyolimwa tayari. Chuo cha Ufundi kilikuwapo tangu 1978. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa mjini humo hata ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilikuwa na kumbukumbu nyingi mno za maandishi, sauti na picha, nazo zilihitaji kutunzwa kwa kompyuta. Na huko Tengeru, kwenye barabara iendayo Moshi, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ikiwa na skuli yake ya sayansi ya kompyuta na mawasiliano.

Mfano wa kazi za taasisi hiyo waonyesha vizuri kwa nini jambo la amri na kitu si mchezo wa maneno. Watafiti wake wamekusanya na kuchapisha maelfu ya picha za majani ya mahindi na ya migomba, mengine mazima na mengine yenye magonjwa, ili kompyuta ifundishwe kuutambua ugonjwa kabla shamba halijaangamia. Katika miteremko ya Meru mgomba ni chakula, ni kivuli cha kahawa, na ni malisho ya ng'ombe wa zizini. Mnyauko ukiingia shambani, huingia jikoni. Picha za namna hiyo hupigwa kwa simu, na simu huzipa majina yasiyo na maana. Hazina budi kupewa majina mapya, kupangwa kwa ugonjwa na kwa mahali, kuondolewa zilizojirudia, kisha kuhesabiwa. Kazi hiyo haihitaji jengo kubwa la programu, yahitaji skripti. Lakini skripti ikikosea, picha ya jani zima yaweza kuwekwa katika kundi la majani yenye ugonjwa, mashine ikajifunza uongo, na mkulima akaambiwa ang'oe mgomba usio na kosa.

Hapa ndipo lugha ya vitu inapotoa faida yake. Mwaka 2014 toleo la 3.4 la Python liliongezewa maktaba iliyoifanya njia ya faili kuwa kitu kamili, wala si herufi zilizopangwa. Kitu hicho chaweza kuulizwa jina lake, mwisho wa jina lake, na mzazi wake, yaani folda iliyokibeba. Usa River hubaki Usa River tangu mwanzo wa skripti hata mwisho, wala nafasi iliyo katikati haina uwezo wa kuikata vipande viwili.

Mkutano wa Agosti 2025 uliotajwa hapo mwanzo ulikuwa wa watumiaji wa Django, mfumo wa kujengea tovuti ulioandikwa kwa Python. Django ilizaliwa mwaka 2003 katika chumba cha gazeti la mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, na ikatolewa kwa watu mwezi wa Julai 2005. Mkutano wake wa kwanza wa Afrika ulifanyika Zanzibar mwezi wa Novemba 2023, na uliofuata ukaletwa Arusha. Watu huijua Django kwa tovuti, lakini ndani yake mna ushahidi ulio wazi kabisa wa ndoa ya amri na kitu. Atakaye kuiongezea Django amri mpya, mathalani amri ya kufuta akaunti zilizokufa kila usiku, haandiki orodha ya maagizo yaliyo uchi. Huunda ngeli mpya, mtoto wa ngeli ya amri iliyokwisha tungwa. Mtoto hurithi kwa mzazi namna ya kupokea maneno ya mtumiaji, namna ya kuonyesha msaada, na namna ya kutangaza makosa kwa adabu. Mwandishi huongeza jambo moja tu: kazi yenyewe. Amri, iliyokuwa neno tupu katika siku za Pouzin, sasa imekuwa kitu chenye ukoo.

Wako wapingao, na hoja zao zina uzito. Husema kwamba kumpa mwanafunzi ngeli na urithi ili apange faili 10 ni kumpa shoka la kumenyea chungwa. Mstari mmoja wa ganda hufanya kazi ambayo Python huihitajia mistari kumi, tena ganda huanza upesi zaidi. Husema pia kwamba lugha hizi hubadilika. Toleo la 3 la Python, lililotoka Desemba 2008, halikupatana na la 2, na tarehe 1 Januari 2020 huduma ya la 2 ilikomeshwa. Skripti nyingi zilizoandikwa kwa jasho zikawa hazina mlezi. Skripti ya ganda la Bourne iliyoandikwa zaidi ya miaka 40 iliyopita aghalabu hufanya kazi hata leo. Hayo ni kweli, na mwalimu mwenye busara hatayaficha. Jibu lake ni kwamba kila chombo kina zamu yake. Kazi ya kupita, isiyo na masharti mengi, na iachiwe ganda. Lakini skripti ikianza kuuliza maswali, ikibeba majina ya watu, tarehe na mahali, ikitarajiwa kusomwa na mwingine baada ya mwandishi wake kuhama, hapo imekwisha kuwa nyumba, na nyumba haijengwi kwa kamba peke yake.

Limebaki suala la lugha. Maneno yaliyohifadhiwa ya Python, ambayo tangu toleo la 3.7 ni 35, yote ni ya Kiingereza. Hayo hayabadiliki. Lakini majina ya vitu, ya ngeli na ya kazi zao huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, nayo ndiyo mengi katika skripti yoyote. Hakuna kanuni inayomzuia mwanafunzi wa Tengeru kuita kitu chake jani, ngeli yake Mgomba, na kazi yake pima_ugonjwa. Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kirumi, mashine haitaguna. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa programu za ofisi zilizosema Kiswahili, ukaonyesha kwamba istilahi zinaweza kutungwa na kutumika. Django nayo ina tafsiri ya Kiswahili kwa maneno yake yanayoonwa na watu. Kinachokosekana ni mazoea ya kufikiri kwa lugha hii wakati wa kutunga. Mwanafunzi hufundishwa vitu kwa mifano ya wanyama na magari katika lugha ya kigeni, akakariri maana bila kuionja, ilhali ngeli amezinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Marufuku ya 1974 ilikataa mashine zisizoeleweka. Azimio la 1967 lilitaka watu wajitegemee. Mambo hayo mawili yalionekana kupingana na kompyuta, lakini yakitazamwa vema yanaidai kompyuta iwe ya namna fulani: ifunguke, isomeke, na imtii mwenye kuitumia hata aweze kuigeuza kwa haja zake. Skripti fupi iliyoandikwa na mkono wa mtu mwenyewe, kwa kazi aijuayo mwenyewe, na kwa majina ayaelewayo mwenyewe, yakaribia madai hayo kuliko mashine nyingi za fahari zilizonunuliwa kwa fedha nyingi. Van Rossum alitunga lugha yake ili asiwe mtumwa wa zana mbili zisizomfaa. Mwanafunzi akaaye chini ya Meru, mwenye picha za migomba ya jirani zake, yu katika haja ile ile. Amri atajifunza kwa watu, maana ni elimu ya dunia nzima. Vitu ni vyake, na kuvipa majina ni kazi yake.